SOMO: MBOJI ILIYOIVA – KUITENGENEZA NA KUITUMIA KATIKA BUSTANI YA NYUMBANI



Somo letu la safari hii linahusu mali ambayo kila nyumba inayo na kila nyumba inaitupa. Yafaa lisomwe na kikundi, si na mtu mmoja peke yake. Mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjibu maswali yaliyo mwisho wa somo.

Kusudi la somo: tukimaliza, kila mwanachama aweze (a) kueleza mboji ni nini na inaivaje, (b) kujenga biwi la mboji katika ua mdogo, (c) kutambua kwa dalili kama mboji imeiva au bado, na (d) kuitumia kwa kipimo na kwa wakati wake. Katika hayo manne, la tatu ndilo linalosahauliwa mno, na ndilo linaloharibu kazi ya yale mengine. Kwa hiyo tutalikazia.

1. TUNALIPA MARA MBILI

Tazama ndoo za taka katika mitaa ya Kigali, kuanzia Nyamirambo mpaka Kimironko. Mna maganda ya ndizi na viazi, maganda ya maharage, majani ya kabichi, magunzi ya mahindi, majani ya chai. Sehemu kubwa ya taka za nyumba zetu si chuma wala plastiki, bali ni vitu vilivyoota ardhini. Kila mwezi tunalipa ili vichukuliwe. Gari linavibeba mpaka Nduba, wilayani Gasabo, ambako taka za jiji zimekuwa zikipelekwa tangu dampo la Nyanza ya Kicukiro lilipofungwa mwaka 2012. Kisha mwenye bustani yule yule anaona udongo wake umechoka, anakwenda dukani kununua mbolea. Basi analipa mara mbili: anatoa fedha ili rutuba itoke nyumbani, anatoa tena fedha ili rutuba irudi.

Na udongo wetu unaihitaji rutuba hiyo. Kigali imejengwa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya masika, ambayo wenyeji huiita itumba, na ile ya vuli iitwayo umuhindo, zote mbili hukwangua mteremko na kushusha udongo wa juu mabondeni. Udongo unaobaki mara nyingi ni mwekundu, mgumu, na una asidi. Mboga zinaota zikiwa na rangi ya manjano, tunadhani mbegu ni mbaya.

Tuseme wazi jambo moja. Bustani ya mboga haichukui nafasi ya mshahara wa haki, wala asitokee mwajiri wa kumwambia mfanyakazi, "Lima dodo, usidai nyongeza." Hayo ni mambo mawili mbalimbali. Lakini mboga zilizo nyuma ya nyumba haziulizi bei ya sokoni imepanda au la, na serikali imekuwa ikihimiza kila nyumba iwe na akarima k'igikoni, yaani bustani ndogo ya jikoni. Anayelima bustani hiyo bila kuulisha udongo atavuna msimu mmoja au miwili, kisha atavunjika moyo.

2. MBOJI NI NINI

Mboji si taka zilizooza tu. Nyama iliyooza imeoza, lakini si mboji. Mboji ni mabaki ya mimea na samadi yaliyoliwa na vijidudu, yakachomwa na joto la vijidudu hao, yakapoa, yakatulia, mpaka yakawa kitu kimoja cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo wa msituni baada ya mvua. Jirani zetu wanaosema Kinyarwanda huiweka pamoja na samadi katika jina la ifumbire y'imborera. Rundo linalotengenezewa mboji tutaliita biwi.

Vijidudu hao ni wafanyakazi, na kama wafanyakazi wote wana mahitaji yao. Wanataka vitu vinne:

(a) Chakula kikavu, chenye kaboni nyingi: majani makavu, mabua, nyasi kavu, maranda ya mbao, karatasi.

(b) Chakula kibichi, chenye naitrojeni nyingi: maganda ya jikoni, magugu mabichi, majani ya maharage, samadi. Angalia hapa: rangi isikudanganye. Samadi ya kuku au ya sungura ni ya kahawia, lakini ina naitrojeni nyingi, kwa hiyo huhesabiwa upande wa vitu vibichi.

(c) Maji, kiasi cha kulowesha bila kuzamisha.

(d) Hewa. Wakikosa hewa hawa hufa, na mahali pao huingia vijidudu wa namna nyingine, wale wa kutoa uvundo.

Wataalamu wanasema biwi zuri lina sehemu 25 mpaka 30 za kaboni kwa sehemu 1 ya naitrojeni. Sisi hatuna maabara. Kipimo cha kutosha ni hiki: ndoo mbili za vitu vikavu kwa ndoo moja ya vitu vibichi.

Habari hii si ngeni katika nchi zetu. Kule Bukoba, upande wa Tanzania, Wahaya kwa vizazi vingi wamepambanua kati ya kibanja na rweya. Kibanja ni shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Rweya ni mbuga ya nyasi iliyo nje yake. Udongo wa rweya ni hafifu. Kibanja kimenona kwa sababu samadi, majivu, mabaki ya jikoni na nyasi zilizokatwa kule rweya vimekuwa vikirudishwa humo mwaka hata mwaka. Maana yake rutuba ya kibanja haikushuka na mvua; ni kazi ya mikono ya watu. Vile vile Albert Howard, mtaalamu wa kilimo kutoka Uingereza aliyefanya kazi Indore, India, kati ya 1924 na 1931, aliangalia desturi za wakulima wa Asia akazipanga ziwe utaratibu wa kujenga biwi kwa matabaka na kuligeuza. Mwaka 1933 utaratibu huo ulianza kutumika katika shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu nchini Kenya. Sisi tunaufuata huo huo, kwa kipimo cha ua wa nyumba ya kupanga.

3. VITU VINAVYOFAA NA VISIVYOFAA

Vinavyofaa, na vinapatikana Kigali bila gharama kubwa:

– Maganda yote ya mboga, ndizi, viazi na matunda. Majani ya chai. Maganda ya mayai yaliyopondwa.
– Magugu kabla hayajatoa mbegu, na majani ya mimea iliyokwisha vunwa, hasa maharage.
– Majani ya tithonia, ile yenye maua ya manjano yanayofanana na alizeti ndogo, inayoota kando ya njia. Yana naitrojeni nyingi na huoza upesi.
– Samadi ya ng'ombe, mbuzi, kuku au sungura.
– Maranda kutoka kwa maseremala, kama wale wa Gisozi, lakini ya mbao isiyopakwa rangi wala dawa. Tia kidogo kidogo, maana huchelewa kuoza.
– Karatasi za kaki. Tangu sheria ya 2008 ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, vitu vingi vya dukani hufungwa kwa karatasi. Zichane, uziloweshe, zihesabu kuwa vitu vikavu.
– Majivu ya kuni na makaa, konzi mbili tatu tu kwa kila tabaka. Yakizidi hufukuza naitrojeni hewani.

Visivyofaa:

– Nyama, samaki, mifupa, mafuta na chakula kilichopikwa. Hivi huita panya, na panya hukuletea ugomvi na jirani.
– Kinyesi cha binadamu, cha mbwa na cha paka, kwa sababu ya minyoo na magonjwa.
– Mimea yenye ugonjwa: nyanya na viazi vilivyokufa kwa mnyauko, na mgomba wenye ugonjwa uitwao kirabiranya.
– Plastiki, vioo, betri, vitambaa vya nailoni, karatasi zinazong'aa.
– Majani ya mkaratusi kwa wingi. Ni magumu na yana mafuta yanayowazuia vijidudu. Kiganja kimoja si neno, gunia zima ni kosa.

4. KULIJENGA BIWI

Mahali. Chagua mahali tambarare penye kivuli, mbali na ukuta wa nyumba na mbali na kisima. Kama ua una mteremko, chimba mfereji mdogo upande wa juu ili maji ya mvua yapite kando. Ukiwa mpangaji, zungumza kwanza na mwenye nyumba.

Ukubwa. Biwi liwe na urefu wa mita 1, upana wa mita 1 na kimo cha mita 1. Likiwa dogo zaidi joto hupotea, hasa kwa usiku wa baridi wa huku kwetu. Likiwa kubwa mno hewa haifiki katikati.

Akiba. Nyumba haipati vitu vya mita moja kwa siku moja. Kwa hiyo kusanya vitu vikavu katika magunia. Maganda ya jikoni yaweke katika shimo dogo, na kila siku uyafunike kwa udongo kidogo au majani makavu ili nzi wasipate pa kutua. Vikitosha, chagua siku moja mjenge biwi lote kwa mara moja. Biwi lililojengwa siku moja hupata moto. Linaloongezwa kiganja leo na kiganja kesho huoza polepole bila moto, na mbegu za magugu hubaki hai.

Kujenga:

(1) Lainisha udongo kwa jembe, usilisakafie biwi. Tandaza vijiti na mabua kiasi cha kitanga cha mkono kwenda juu, ili hewa ipite chini.
(2) Weka tabaka la vitu vikavu, kimo cha sentimita 20. Nyunyizia maji.
(3) Weka tabaka la vitu vibichi, sentimita 10.
(4) Nyunyiza samadi kidogo, au beleshi moja ya mboji ya zamani au udongo mzuri. Humo wamo vijidudu wa kuanzisha kazi.
(5) Rudia mpaka kimo cha mita 1. Vitu virefu vikatekate viwe na urefu wa kidole.
(6) Malizia kwa vitu vikavu, kisha funika kwa majani ya migomba au turubai kuukuu.
(7) Choma kijiti kirefu kilichonyooka mpaka katikati. Hicho ndicho kipima joto chetu.

Baada ya siku 3 mpaka 5 chomoa kijiti, ukishike. Kikiwa cha moto, biwi limeshika kazi. Biwi lililojengwa vizuri hufika digrii 55 mpaka 65. Joto hilo likikaa siku kadhaa huua mbegu za magugu na vijidudu wengi wa magonjwa, lakini mahali lilipofika tu, yaani katikati. Ndiyo sababu tunageuza: kilicho nje kiingie ndani, kilicho ndani kitoke nje.

Geuza kila baada ya wiki mbili, mara nne. Ili usisahau, fungamanisha kazi hiyo na tarehe 15 na mwisho wa mwezi. Kila ugeuzapo pima maji: kamata konzi moja ukaminye. Yakidondoka matone mengi, yamezidi. Mkono ukibaki mkavu, yamepungua. Ukilowa na kutoa tone moja au mawili, ni sawasawa.

5. BIWI LIKIGOMA

– Linanuka uvundo: hewa haipiti au maji yamezidi. Geuza, changanya vitu vikavu.
– Linanuka kama mkojo: vitu vibichi vimezidi, naitrojeni inapotea hewani. Ongeza majani makavu au maranda.
– Halipati joto na ni kavu: lipe maji. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha, usitumie ya sabuni.
– Halipati joto na lina unyevu: ongeza samadi au majani mabichi, au lipanue kama ni dogo.
– Nzi wengi: maganda yako wazi. Yafukie katikati, ufunike kwa vitu vikavu.

6. IMEIVA AU BADO?

Hapa ndipo penye kiini cha somo.

Mtu anafanya kazi miezi miwili, anaona biwi limepungua na kuwa jeusi, anaharakisha kulitia bustanini kwa kuwa mvua zimeanza. Wiki mbili baadaye miche yake ni ya manjano, mingine imekauka ncha. Anasema, "Mboji ni uongo wa wataalamu." Kumbe mboji haina kosa, ilipelekwa kazini kabla ya kuhitimu.

Mboji mbichi ina madhara manne. Kwanza, vijidudu hawajamaliza kula. Wakiingia udongoni na mabua yao wanaendelea kula, na wakikosa naitrojeni ya kutosha wanaichukua ile ya udongo iliyokuwa chakula cha mboga zako. Badala ya kulisha bustani, umeiletea wageni wenye njaa. Pili, mboji mbichi ina amonia na asidi zinazounguza mizizi michanga na kuzuia mbegu kuota. Tatu, mbegu za magugu zilizomo bado zi hai, utapalilia msimu mzima. Nne, kama mlikuwa na samadi, vijidudu vya kuharisha vinaweza kufika kwenye majani mnayokula bila kupika.

Usihesabu siku peke yake. Kalenda inasema miezi mitatu mpaka minne kwa biwi lililogeuzwa, na miezi sita au zaidi kwa lisilogeuzwa. Lakini biwi halisomi kalenda. Tafuta dalili hizi:

(a) Kimo. Biwi limeshuka mpaka nusu au chini ya nusu.

(b) Joto. Baada ya kugeuzwa na kumwagiwa maji, linabaki baridi. Likipata moto tena, kazi haijesha. Joto likiisha kabisa, liache lipumzike wiki nyingine nne bila kuligeuza. Wakati huo nyungunyungu huingia wakamalizia kazi.

(c) Sura. Huwezi kutambua tena kilichokuwa ganda la ndizi na kilichokuwa jani la kabichi. Vijiti vichache na magunzi si kitu. Vitachekechwa na kurudishwa katika biwi jipya.

(d) Harufu. Ni ya udongo, si ya taka, si ya mkojo, si ya siki.

(e) Jaribio la kopo. Tia mboji yenye unyevu katika kopo au chupa yenye kifuniko, ufunge siku 3 mpaka 7. Fungua, unuse. Ikinuka uvundo au amonia, bado.

(f) Jaribio la mbegu. Hili ndilo hakimu wa mwisho. Chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini. Katika la kwanza tia mboji na udongo, nusu kwa nusu; katika la pili tia udongo mtupu. Panda mbegu 10 za kabichi katika kila kopo, mwagilia sawa, weka mahali pamoja. Baada ya siku 10 hesabu. Kopo la mboji likiotesha sawa na lile la udongo au zaidi, na miche ikiwa ya kijani, mboji imeiva. Likiotesha chache, au miche ikiwa ya manjano, subiri wiki tatu, ujaribu tena.

Siku 10 za kungoja jaribio ni nafuu kuliko msimu mzima uliopotea.

7. KUITUMIA

Chekecha mboji kwa wavu wa matundu makubwa. Vaa viatu, funika jeraha lolote, na kama mboji ni kavu inyunyizie maji kwanza ili usivute vumbi lake. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni.

Vipimo vyetu tuvipime kwa ndoo ya lita 10, au nusu ya jerikani la lita 20 lililokatwa.

– Tuta jipya, udongo uliochoka: ndoo 3 kwa kila mita mraba, yaani unene wa sentimita 3. Changanya na udongo wa juu, kina cha sentimita 10 mpaka 15. Usiifukie chini kabisa; mizizi mingi ya mboga inakula juu.
– Tuta lililokwisha tiwa mboji misimu iliyopita: ndoo 1 kwa mita mraba inatosha.
– Shimo la nyanya, intoryi au kabichi: konzi mbili, zichanganywe na udongo wa shimo.
– Kitalu cha miche: mboji sehemu 1, udongo sehemu 1, mchanga sehemu 1.
– Bustani ya gunia: mboji sehemu 1 kwa udongo sehemu 2. Hii inamfaa mpangaji, kwa maana akihama anahama na gunia lake.

Baada ya kupanda, tandaza nyasi kavu juu ya tuta. Matandazo hayo huizuia mvua isipige mboji na kuiteremsha bondeni, na wakati wa jua hutunza unyevu.

Tusidanganyane: mboji si urea. Katika kilo 100 za urea mna kilo 46 za naitrojeni. Katika kilo 100 za mboji ya nyumbani mna kiasi cha kilo moja tu, na hutoka polepole. Urea hulisha mmea, na mboji huulisha udongo. Huufanya ushike maji, uwe mwororo, upunguziwe ukali wa asidi, na hata mbolea ya dukani ukiitia isichukuliwe upesi na mvua. Anayetumia mbolea ya dukani juu ya udongo wenye mboji atahitaji kidogo kuliko anayeimwaga juu ya udongo mtupu.

8. KALENDA YA KIGALI

Mboji inatakiwa iwe tayari mvua zinapoanza. Kwa hiyo tunahesabu kurudi nyuma.

Biwi la kwanza, kwa ajili ya umuhindo. Jenga tarehe 1 Juni, maharage yanapovunwa na majani yake yakiwa mengi. Geuza tarehe 15 na 30 Juni, kisha tarehe 15 na 31 Julai. Agosti lipumzike. Siku za kwanza za Septemba fanya jaribio la mbegu. Katikati ya Septemba, mvua zikianza, tia bustanini. Miezi hii ni ya kiangazi: adui ni ukavu. Funika, na mwagilia kila ugeuzapo.

Biwi la pili, kwa ajili ya itumba. Jenga tarehe 1 Novemba. Geuza katikati na mwisho wa Novemba na wa Desemba. Januari lipumzike. Februari jaribu, na mwisho wa mwezi huo utie bustanini. Hapa adui ni mvua: lisipofunikwa, maji huosha chakula chote kikatiririka mtaroni.

9. HESABU YA UA MMOJA

Tuchukue mfano wa ua wenye nyumba nne za wapangaji. Wamejenga biwi moja la mita 1 kwa kila upande, yaani lita 1,000. Limepungua, likachekechwa, wakapata lita 400, sawa na ndoo 40. Kila nyumba ina tuta la mita 1 kwa mita 3, yaani mita mraba 3. Kwa ndoo 3 kila mita, nyumba moja inahitaji ndoo 9, na nyumba nne ndoo 36. Zinabaki ndoo 4 za kitalu cha pamoja. Hesabu imetimia, na hakuna aliyetoa faranga ya mbolea.

Lakini hesabu hiyo inatimia iwapo tu wote wanne waliweka maganda yao mahali pamoja na kushika zamu ya kugeuza. Nyumba moja peke yake ingechukua muda mrefu kujaza biwi la kupata moto. Jambo ambalo mmoja haliwezi, wanne wanaliweza bila taabu. Wanachama hawana haja ya kufundishwa hilo.

10. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa wiki moja, pimeni kwa ndoo taka za nyumba zenu. Ngapi zingeweza kuingia katika biwi?
2. Kwa nini biwi linalojengwa kwa siku moja lina faida kuliko linaloongezwa kidogo kidogo?
3. Mwenzenu ana mboji nyeusi isiyonuka, lakini kila akiigeuza inapata moto. Mvua zimeanza jana. Mtamshauri afanye nini, na apande nini kwa sasa?
4. Katika ua wa nyumba nne, nyumba moja inaleta maganda lakini haishiki zamu ya kugeuza. Mboji igawanywe vipi?
5. Bustani yenye matuta mapya mawili ya mita 1 kwa mita 5 inahitaji ndoo ngapi za mboji? Biwi moja litatosha?

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao: kila kikundi kilete makopo mawili ya jaribio la mbegu, moja la mboji na moja la udongo, yaliyopandwa siku 10 kabla. Tutayapanga mezani tuhesabu pamoja. Mwenye mboji ambayo bado haijaiva asione haya kuleta kopo lake. Hilo ndilo litakalotufundisha zaidi.